Saa za Dhahabu na Pumzi za Mafundi



Ndugu msomaji, mwezi huu mtukufu hakuna kitu kinachotazamwa nyumbani kama saa, hasa zile dakika kumi za mwisho kabla ya maghrib. Basi hebu tuzungumze kuhusu saa za aina nyengine, zile ambazo matajiri wa Ufaransa wa karne ya 18 na 19 waliziweka juu ya meko ya ukumbini. Saa ilikaa katikati, na kila upande kikawekwa kinara cha mishumaa chenye matawi, vyote vitatu vya nakshi moja. Sifa zake zilifika hadi kwa masultani wa Kiothmani. Katika kasri la Dolmabahçe, Istanbul, saa za Kifaransa zipo mpaka leo.

Ukiitazama saa hiyo utadhani ni dhahabu tupu. La hasha! Umbo lenyewe ni bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba, na dhahabu ni ngozi nyembamba tu juu yake. (Kama yafaa Muislamu kuwa nayo nyumbani, hilo nawaachia masheikh wetu.) Mimi nilichotaka kujua ni hiki: ile dhahabu ilishikaje pale?

Fundi aliichanganya dhahabu na zebaki, ile iliyokuwa ndani ya vipimajoto vya zamani, ikawa uji mzito kama siagi. Uji huo aliupaka kwenye bronzi, kisha akaiweka juu ya makaa. Zebaki ikageuka mvuke, dhahabu ikabaki imeshika. Sasa basi, ule mvuke ulikwenda wapi? Ulikwenda kifuani mwa fundi. Siku baada ya siku mikono ilianza kutetemeka, meno yakalegea, mate yakamtoka bila kiasi. Wengi hawakuuona uzee.

Na usidhani walilipwa vizuri kwa hatari hiyo. Pierre Gouthière, ambaye huenda ndiye fundi hodari kuliko wote wa kazi hii, aliwafanyia kazi wakubwa wa jumba la mfalme. Madame du Barry, kipenzi cha Mfalme Louis wa 15, aliachiwa kazi nyingi bila kuzilipa zote. Gouthière alikufa fukara mwaka wa 1813.

Lakini mtu ninayetaka tumjue hasa ni André-Antoine Ravrio. Huyu alikuwa bwana mkubwa wa biashara ya bronzi mjini Paris, mteja wake mmojawapo akiwa Napoleon mwenyewe. Alifariki mwaka wa 1814, na katika wasia wake aliacha faranga 3,000 apewe yeyote atakayevumbua njia ya kuwakinga mafundi na sumu ya zebaki. Kwetu sisi wasia una mpaka wake wa thuluthi na masharti yake, na yeye hakuwa Muislamu, lakini nia ile kwa kweli inanigusa. Mali iliyotoka katika vifua vya watu, sehemu yake ikarudi kuwatafutia hewa.

Zawadi ile ilitolewa na Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka wa 1818, kwa mkemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet. Uvumbuzi wake si mgumu kuuelewa. Alijenga tanuri lililofunikwa, lenye dohani, na pembeni akaweka moto mwengine mdogo wa kupasha hewa ya dohani. Hewa moto hupanda. Ikipanda, inauvuta na ule mvuke kwenda nao juu, mbali na pua ya fundi. Miaka ya 1840 ikaja njia ya kupaka dhahabu kwa umeme, na ile ya zebaki ikaanza kuachwa polepole.

Ikaachwa Paris, nasema. Hapa kwetu Kenya, katika machimbo madogo ya dhahabu kule Migori, wachimbaji wameendelea kuchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, kisha kuichoma juu ya makaa. Dawa yake ni ndugu wa lile tanuri la d'Arcet: chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachounasa mvuke na kuupoza ukawa zebaki tena, hata mchimbaji akaitumia mara ya pili. Mwaka wa 2013 Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Hata hivyo, wapo wanaochomea peupe, wameinama juu ya moto kama walivyoinama mafundi wa Paris kabla ya 1818.