Dawa ya Ebola Iliyotoka Katika Damu ya Kikwit

Wasomaji wetu wa Goma hawajasahau mwezi wa Julai 2019. Tarehe 14 ilijulikana kwamba mtu aliyetoka Butembo kwa basi ameingia mjini na ugonjwa wa Ebola. Ndoo za maji ya klorini zikawekwa milangoni, na watu wakaogopa kupeana mikono. Lakini jambo moja halikusimuliwa vya kutosha siku zile: dawa mojawapo iliyoponya wagonjwa wa Kivu ilianzia katika damu ya Mkongo mwenzetu.

Mwaka wa 1976 Daktari Jean-Jacques Muyembe, mtoto wa wakulima wa Bandundu aliyesomeshwa na Wajesuiti, alitumwa kwenye misheni ya Yambuku, ambako Masista na wagonjwa wao walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Alichukua damu yao pasipo glavu, akasalimika.

Mwaka wa 1995 homa ile ile ikazuka Kikwit. Masista sita wa Poverelle, watu wa Bergamo, walikufa kwa kuuguza wagonjwa. Hapo Muyembe alifikiri hivi: aliyepona lazima ana kitu katika damu yake kilichomshinda adui. Basi yeye na wenzake wakawapa wagonjwa 8 damu ya waliopona, na 7 wakaishi. Mabingwa wa nchi za nje hawakusadiki, wala shaka yao haikuwa bure, kwa maana wagonjwa walikuwa wachache, tena walitiwa damu wakati ugonjwa ulipokuwa unapungua. Hata hivyo yeye hakuliacha wazo lake.

Damu ya mtu ina chembe hai nyingi sana, ziitwazo seli. Baadhi yake hukumbuka kila adui aliyepata kuingia mwilini, na akirudi hutoa kingamwili za kumkamata. Mwaka wa 2006, miaka 11 baada ya Kikwit, ilichukuliwa damu ya mmoja wa waliopona, ikapelekwa kwa wataalamu wa Marekani na Uswisi. Seli zake zilikuwa bado zinakumbuka! Wakazitafuta moja moja hata wakapata moja iliyotoa kingamwili kali. Ndani ya seli kama hizo mna jeni, yaani maagizo ya urithi yanayoiambia seli itengeneze nini. Wakayanakili maagizo ya ile moja, wakayatia katika seli nyingine zinazokuzwa viwandani, ambazo asili yake ni za panya wa Kichina. Tangu hapo seli hizo zikatoa kingamwili ya mtu wa Kikwit kwa wingi, bila kumtoa mtu damu tena. Dawa ikaitwa mAb114.

Jaribio lake kubwa lilifanyika kwetu Kivu Kaskazini, katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, tangu Novemba 2018. Lilipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha. Pamoja kwenyewe kulikuwa haba: Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, na wengi waliamini kwamba wageni wameleta ugonjwa ili wapate fedha. Hatuwacheki. Watu waliouawa miaka mingi pasipo mtu kuwajali wana haki ya kuuliza kwa nini leo wanajaliwa. Ila laiti wangaliambiwa mapema dawa ile imetoka kwa nani!

Agosti 2019 matokeo yakajulikana. Dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa 681. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa kama 35 katika kila 100, na nyingine iitwayo REGN-EB3 ilikaribiana nayo. Bali kwa ZMapp, iliyotangulia, walikufa karibu 50. Tena waliopewa mAb114 virusi vikiwa bado vichache damuni mwao, walikufa kama 10 tu katika 100. Aliyefichwa nyumbani siku nyingi hakupata nafasi hiyo.

Siku hizo hizo mama mmoja na mtoto wake, waliotibiwa kwa dawa hizi mpya, walitoka wazima katika kituo cha Goma. Baba wa nyumba alikuwa amekwisha kufa. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, umeua watu 2,287. Desemba ile Marekani ikaikubali dawa kwa jina la Ebanga, na haki ya kuitengeneza wakati huo ilikuwa kwa kampuni ya Ridgeback ya Miami.