Uchoraji wa farasi kwa moto

Uchoraji wa moto ni sanaa ya kuchora juu ya mbao, kibuyu au ngozi kwa kuunguza uso wake kwa chuma kilichopashwa. Fundi hutumia msumari au waya uliopashwa kwa moto wa makaa, au kalamu ya umeme. Weusi wa mstari hutegemea joto na muda ambao ncha hukaa mahali pamoja. Kosa haliondoki ila kwa kukwangua mbao. Farasi huifaa sana sanaa hii, kwa kuwa manyoya ya shingoni, mkia na misuli huonyeshwa vizuri kwa mistari myembamba. Jicho ndilo gumu: nukta ya mwanga lazima iachwe bila kuguswa na moto.

Hata hivyo, Katanga, eneo la kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Kinsevere kaskazini mwa Lubumbashi, si nchi ya asili ya farasi. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ulizuia ufugaji wa farasi kwenye misitu ya miombo. Jamaa wa porini wa farasi, punda milia, yupo katika Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939. Kwa uchoraji wa moto, mbao nyeupe hupendelewa, maana wekundu wa mti wa mukula huficha mistari. Lubumbashi yenyewe inajulikana zaidi kwa vinyago vya malakiti na picha za shaba iliyofuliwa.