Mpango wa Siku, Mpango wa Pesa: Mjengo na Simu Ngoingwa

Ngoingwa, mtaa wa makazi kando ya barabara itokayo mjini Thika kwenda Mang'u, umejengwa kwa sehemu kubwa bila benki. Nyumba zilizokamilika zinapakana na misingi iliyoota nyasi, na mara nyingi utaona ghorofa moja imekwisha kuhamiwa, nguo zimeanikwa, ilhali vyuma vya nguzo vinachomoza juu ya slabu kungojea ghorofa ya pili. Mtu aliyezoea ratiba za makontrakta wakubwa ataiita hali hiyo kuchelewa. Mimi nashikilia kwamba ni mpango, tena mpango wenye akili, na kwamba leo mpango huo unakaa kwenye simu; ila unahesabu pesa, hauhesabu siku. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini programu za kupanga miradi hazijashika mizizi kwenye simu za mafundi wa Thika na Ruiru, ilhali M-Pesa na WhatsApp ziliingia mjengoni bila kufundishwa na mtu. Na kwa kuwa ukanda huu uliwahi kuhesabu siku, tena kwa ukali mkubwa, inafaa kuanzia huko.

Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na pamoja nayo yakapanuka mashamba ya walowezi: mkonge upande wa Makuyu, kahawa kuanzia Ruiru hadi ng'ambo ya Thika. Mlowezi alikuwa na ardhi aliyoipata kwa bei rahisi na alikuwa na njia ya kupata mtaji. Alichokikosa ni mikono, na kahawa iliyoiva haisubiri. Basi karatasi za enzi hiyo zilihesabu siku. Kibarua alipewa tikiti ya siku 30; kazi ya siku ilipokamilika ilitiwa alama, isipokamilika siku hiyo haikuhesabiwa, na mshahara ulitoka tikiti ilipojaa. Juu ya tikiti serikali ikaweka kipande, kilichoanza kutolewa mwaka 1919 na 1920 chini ya sheria ya 1915: karatasi yenye alama za vidole, majina ya waajiri, tarehe ya kuajiriwa na ya kuachishwa, na kiwango cha mshahara, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni mwa kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi. Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 akiwa ameongoza upinzani dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Tunakikumbuka kipande kama pingu ya kuzuia watu kutembea, na ndivyo kilivyokuwa. Lakini kilikuwa pia chombo cha kupangia kazi, kinachobebwa mwilini, na aliyekibeba hakuwa na ruhusa ya kuandika hata neno moja ndani yake.

Baada ya uhuru hesabu ilibadilika kwa sababu mwenye ardhi alibadilika. Mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi, ambamo watu wa kipato kidogo walichanga hisa mpaka bei ikatimia. Githunguri Constituency Ranching Company, yenye ardhi yake Ruiru, ni mojawapo ya zilizojulikana sana. Mashamba yakagawanywa, na baadaye sehemu hizo zikakatwa tena kuwa ploti. Mazoea hayo ya kuchanga ni muhimu kwa hoja yangu. Ardhi yenyewe ilipatikana kwa awamu, na mtu aliyenunua ardhi kwa awamu hakuona ajabu kujenga juu yake kwa awamu. Wala hakuwa na njia nyingine. Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zinaonyesha kwamba kwa miaka mingi ya karibuni mikopo ya nyumba nchini kote imekuwa kati ya 26,000 na 30,000 hivi, katika nchi iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 47 mwaka 2019. Sensa hiyo hiyo iliukuta mji wa Ruiru ukiwa na watu zaidi ya 371,000 na Thika zaidi ya 251,000. Watu hao wanalala mahali. Nyumba zao nyingi zimetokana na mshahara wa mwezi, mavuno, mkopo wa sacco, zamu ya chama, au pesa kutoka kwa ndugu aliye ng'ambo, na hakuna chanzo hata kimoja kati ya hivyo kinachotoa pesa yote kwa siku moja.

Mjengo wa namna hii uliendeshwa kwa daftari la foromani. Mwenye ploti hununua vifaa mwenyewe na kumwachia fundi lebo tu, yaani kazi ya mikono. Foromani huandika majina ya mafundi na ya watu wa mkono, yaani wasaidizi wao, siku walizofika, waliochukua kitu kabla ya Jumamosi, idadi ya mifuko ya simiti iliyofunguliwa na lori za mchanga zilizomwaga. Daftari hilo lilikuwa na kasoro moja kubwa: lilikuwa moja. Mwenye ploti aliyefanya kazi Nairobi au Mombasa alilisoma Jumamosi tu, akiwa ameshikilia pesa mkononi, na palipotokea ubishi juu ya mifuko kumi ya simiti hapakuwa na pa kulilinganisha.

Mbali na hapa, upangaji wa miradi ulikuwa na historia yake. Karol Adamiecki wa Poland alichora michoro ya mtiririko wa kazi mwaka 1896. Henry Gantt wa Marekani akaeneza michoro ya milia miaka ya 1910. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ilisaidia kubuni hesabu ya kutafuta mfuatano wa kazi usiovumilia kucheleweshwa, na mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likabuni yake kwa ajili ya makombora ya Polaris. Microsoft Project ilitoka mwaka 1984, na kifaa cha mkononi cha Palm Pilot kilianza kuuzwa mwaka 1996. Ukiangalia waliogharamia zile hesabu mbili, utaona jambo moja: kiwanda cha kemikali na jeshi la dola kuu. Pesa zao zilikuwa zimekwisha kutengwa. Kilichowauma ni kuchelewa. Kwa hiyo kila mstari kwenye programu hizo unauliza kazi itaanza lini na itaisha lini, na gharama hufuata tarehe. Hata Barabara Kuu ya Thika, iliyopita mbele ya macho ya watu wa Ruiru na Juja, ilijengwa kwa mantiki hiyo. Ilikuwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kampuni tatu za Kichina zilizogawana sehemu zake, kazi iliyoanza 2009, na rais Mwai Kibaki akaifungua Novemba 2012. Pale pesa ilitangulia, siku zikafuata. Mita chache kutoka ukingoni mwa barabara hiyo, kwenye ploti za watu, mambo yalikwenda kinyume.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na mjengo wa awamu ukapata chombo kilichofanana nao. Ujumbe mmoja wa M-Pesa una namba ya kipekee ya muamala, kiasi, jina la mpokeaji, tarehe, saa na salio lililobaki. Kwa mtu anayejenga, hayo ni mambo sita ambayo daftari la foromani liliyaandika kwa mkono au halikuyaandika kabisa, na sasa yalikuja yenyewe, nakala moja kwa mtoaji na nyingine kwa mpokeaji, zenye namba ileile. Simu za bei nafuu zenye uwezo wa intaneti, kama Huawei IDEOS iliyouzwa nchini kwa chini ya shilingi 10,000 mwaka 2011, zikaleta kamera, na WhatsApp ikaleta kikundi. Kikundi cha mjengo kina umbo lake: picha ya lori la mawe ya kujengea kutoka Ndarugu kabla ya kushusha, picha ya risiti ya hadiwea, picha ya vyuma vikiwa vimefungwa kabla zege halijamwagwa, kwa kuwa likishamwagwa hakuna atakayejua vilikuwa vingapi, kisha ujumbe wa M-Pesa ulionakiliwa na kubandikwa chini ya picha. Ukisoma kikundi kutoka juu hadi chini unapata historia ya nyumba kwa mpangilio wa malipo. Ni kitabu cha hesabu na cha mradi kwa pamoja, na hakuna aliyekiita hivyo.

Mtu wa programu atapinga hapo kwamba hiyo ni kumbukumbu ya yaliyopita, si mpango wa yajayo. Pingamizi hili ni zito, na jibu lake liko kwenye vifaa vyenyewe. Anayejenga kwa pesa ya vipindi hapangi tarehe ya kumaliza. Anapanga mahali salama pa kusimama. Msingi ukishafunikwa kwa slabu ya chini unaweza kulala miaka. Kuta zikifika kwenye linta, zikafungwa na boriti ya zege kuzunguka nyumba nzima, zinavumilia mvua za Machi hadi Mei. Lakini kuta zilizoachwa katikati hazina kinga hiyo, na plasta ya ndani kabla ya paa ni pesa iliyotupwa. Fundi mzuri huanza hatua pale tu pesa iliyopo inatosha kuifikisha kwenye kituo kinachofuata. Ununuzi nao hufuata kanuni: mawe huuzwa kwa futi na hayaozi, basi pesa kidogo ikipatikana hununuliwa mawe na kuachwa kwenye ploti, kama akiba ambayo ni vigumu kuikopa kwa harusi ya jirani; simiti nayo huganda ikikaa, basi hununuliwa wiki ya kazi. Huo ni upangaji kamili, wenye mfuatano, masharti na hifadhi dhidi ya hatari. Programu za kawaida za kupanga miradi hazikuundwa kuanzia kwenye swali la mradi huu unaweza kusimama wapi bila kuharibika, na kwa mjengo wa Ngoingwa hilo ndilo swali la kwanza.

Wapo watakaosema programu ingemfaa mwenye ploti akiijaribu. Kwa sehemu nakubali. Kuna siku ambazo pesa haiwezi kuzigusa: zege hupimwa nguvu yake ya kawaida baada ya siku 28, na kuondoa miti inayoshikilia slabu mapema kwa sababu imehitajika mjengo mwingine ni kucheza na maisha ya watu. Kwa siku hizo, programu inayokumbusha tarehe ya kumwagilia maji na tarehe ya kutoa miti ni msaada wa kweli, na inasikitisha kwamba kikundi cha mjengo kwa kawaida hakitumiwi kukumbusha hivyo. Picha ya slabu iliyomwagwa inamezwa na salamu za asubuhi. Lakini mchoro wa milia ulibuniwa kwa karatasi pana. Kwenye kioo cha simu unaona ama majina ya kazi ama milia yake, na kidole kilichojaa simiti hakiburuti mstari wa siku tatu. Tena programu nyingi zinazungumza Kiingereza cha ofisini, ilhali mjengoni watu huelewana kwa Kiswahili, Kikuyu na Kikamba. Atakayetengeneza chombo kinachoanzia kwenye ujumbe wa malipo na picha, kikapanga hatua kwa vituo vya kusimama na kuweka tarehe pale tu zege linapohusika, atakuwa ameandika kile ambacho mafundi wanafanya tayari.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka kwenye historia ya ukanda wenyewe: je, simu si kipande kipya? Mwenye nyumba aliye Boston au Doha anadai picha kila asubuhi na kila jioni, na fundi anafanya kazi chini ya jicho lisilofumba. Kwa fundi na foromani nadhani jibu ni hapana, kwa sababu moja inayopimika. Kipande kiliandikwa na upande mmoja, serikali na mwajiri, ilhali kwenye simu pande zote mbili zina nakala. Fundi aliyeahidiwa pesa ya hatua anaweza kuonyesha kwamba haikutumwa, na picha ileile inayomlinda mwenye nyumba dhidi ya simiti iliyoibwa inamlinda fundi dhidi ya kusingiziwa.

Kwa mtu wa mkono jibu si hilo. Yeye hayumo kwenye kikundi. Mara nyingi pesa hutumwa kwa foromani kwa mkupuo, kisha yeye hulipwa kutoka mfukoni mwa foromani, na siku zake zinabaki kwenye daftari lilelile moja. Na zamu hii siku hizo zina thamani kwake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi, pamoja na haki zinazofuatana nayo. Kwenye tikiti ya mlowezi siku 30 zilihesabiwa kwa uangalifu kwa kuwa zilimfaa mwenye shamba. Kwenye mjengo unaohesabu pesa, siku 30 za mtu anayepandisha karai za zege ghorofani hazina mtu wa kuzihesabu isipokuwa yeye mwenyewe, naye hana ujumbe wa kuzithibitisha. Kumtumia malipo yake moja kwa moja kwenye namba yake kila Jumamosi kungetosha kuanzisha kumbukumbu hiyo, bila programu yoyote mpya, na mwenye ploti mwenye simu mkononi anaweza kuamua kufanya hivyo wiki hii.