Linda simu na kipimajoto chako na maji msimu wa mvua

Huku Karagwe na Kyerwa mvua hunyesha misimu miwili: kuanzia Septemba hadi Desemba, na tena Machi hadi Mei. Katika miezi hiyo, mara nyingi nasikia kliniki: "Nesi, simu yangu imeingia maji."

Kama una mimba au unalea mtoto mchanga, hilo si jambo dogo. Simu ndiyo inayoita usafiri wa dharura wa m-mama kwa namba 115, bila malipo. Simu ikizimika usiku uchungu umeanza, unapoteza muda unaouhitaji sana.

Unyevu huingiaje?

Si mvua peke yake. Jasho huingia ukiweka simu kifuani au kwenye fundo la kitenge. Mvuke wa chungu cha ndizi nao huingia. Ukitoka nje kwenye ukungu wa asubuhi na kuingia jikoni penye joto, matone madogo hujitokeza kwenye simu, hata ndani yake. Maji yakikutana na umeme wa betri, vyuma vidogo vya ndani hupata kutu.

Kinga ya kila siku

• Ukienda shamba, kisimani au kliniki, funga simu ndani ya mfuko wa plastiki usiotoboka, kisha uweke kwenye kikapu au mkoba.
• Nyumbani, iweke juu ya kabati au rafu. Usiiweke sakafuni, kwenye ukuta wenye unyevu wala karibu na jiko.
• Usichaji kwa mikono yenye maji, wala pale paa linapovuja.

Simu ikilowa

1. Izime mara moja. Usijaribu kuiwasha kuona kama ni nzima.
2. Kama mfuniko unafunguka, toa betri. Toa pia laini na memori kadi.
3. Futa kwa kitambaa kikavu. Elekeza tundu la chaji chini, igongegonge taratibu kiganjani maji yatoke.
4. Iache kivulini penye upepo kwa siku moja au mbili. Usiianike karibu na moto wala kwenye jua kali.
5. Usiichaji kabla haijakauka kabisa.

Wengi huifukia kwenye mchele. Mchele haufiki maji yaliyo ndani, na vumbi lake huziba matundu. Wakati unasubiri, weka laini yako kwenye simu ya mtu unayemwamini nyumbani.

Betri ikivimba, usiitumie tena. Usiitoboe, usiitupe motoni, na iweke mbali na watoto.

Kipimajoto na mashine ya kupima sukari

Kipimajoto cha betri usikichemshe wala kukitumbukiza kwenye maji. Futa ncha yake kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kausha, kisha kirudishe kwenye kasha lake. Vijiti vya kupimia sukari vikae kwenye kopo lake, na ufunge mara tu unapotoa kimoja. Vikipata unyevu, majibu huwa si ya kuaminika.

Angalia pia betri ndogo za duara. Mtoto akimeza, koo lake linaweza kuungua kwa saa chache tu. Mpeleke kituo cha afya papo hapo, usimtapishe.

Usitegemee kifaa peke yake

Andika kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki: 115, namba ya mhudumu wa afya wa kijiji chako, na ya dereva wa bodaboda unayemjua. Simu yako ikizimika, namba zako zitabaki, na utapiga kwa simu ya jirani.

Kipimajoto kikiharibika, usisubiri kipya. Mtoto hanyonyi, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki: nenda kituo cha afya sasa hivi. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye mwili wa moto, au joto la nyuzi 37.5 na kuendelea, naye aonwe siku hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha.