Sauti ya Mmoja na Masikio ya Wengi

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Walakini, msomaji, macho yana kope, na asiyependa kutazama jambo aweza kuzifumba au kugeuza uso. Kiungo kisichokuwa na pazia hasa ni sikio. Ndiyo sababu adha ya kusikilizishwa nyimbo, habari na mazungumzo yatokayo katika simu ya jirani huwa kubwa kuliko umbo la chombo chenyewe. Watu wengi huinung'unikia adha hii kana kwamba imezaliwa jana, na lawama yote huwatwika vijana. Historia yatufundisha vingine, na mji wa Voi ni mahali pafaapo kwa kujifunza somo hilo.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Voi kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tawi lilijengwa kutoka Voi kwenda Taveta, likaungana na reli ya Wajerumani upande wa Moshi. Tangu hapo Voi imekuwa njia panda, na mji wa njia panda ni mji wa wangojao. Walingoja gari la moshi. Kisha wakangoja basi na matatu za Mwatate, Wundanyi na Taveta. Na tangu mwaka 2017 wengine hungoja treni ya reli mpya. Wangojao hukaa bega kwa bega bila ya kujuana, na hapana awezaye kuondoka asije akaachwa. Mahali kama hapo sauti ya mmoja huwa mzigo wa wote.

Si kwamba wazee wa milima ya Taita waliishi kimya. Walikuwa na ngoma, na mwazindika ya Wadawida yajulikana hata leo. Lakini ngoma ilikuwa shughuli ya jamaa nzima. Waliokusanyika walikuja kwa ajili yake, na ilipokwisha walitawanyika.

Chombo kilicholeta sauti ya mbali kilikuwa redio. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, kwa lugha ya Kiingereza na kwa faida ya walowezi. Redio za siku zile zilitumia taa za kioo zilizokula umeme mwingi, nazo zilikuwa ghali. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Harry Franklin alifanikiwa kupatikana kwa redio ya betri yenye umbo la sufuria, iliyouzwa kwa pauni 5. Hata bei hiyo, iliyohesabiwa kuwa nafuu, ilimshinda mtu wa mshahara mdogo.

Fikiri basi, msomaji, hali ya kijiji chenye redio moja. Mwenye nayo akiipandisha sauti, majirani husogea. Akiipunguza, huitwa mchoyo. Kwa njia ya redio na santuri watu walisikia habari za dunia, na pia sauti ya Fadhili William Mdawida, mwana wa Taita aliyeirekodi "Malaika." Kusikilizisha wengine kulikuwa ukarimu.

Mageuzi yalianza mbali. Mwaka 1947 wataalamu wa Marekani walivumbua transista, kidude kidogo kilichofanya kazi ya taa za kioo kwa umeme haba. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ikauzwa huko, nayo ilienea mfukoni. Mwaka 1963 kaseti zikafuata. Mwishoni mwa karne simu za mkononi zikaanza kuenea Kenya, na baadaye zikawa redio, sinema na posta kwa pamoja. Leo watu ishirini wakingoja pamoja, huenda vyombo viwe ishirini. Tendo la kupandisha sauti ni lile lile, ila maana yake imegeuka. Zamani mtu aliwapa wenziwe kitu walichokikosa. Leo huwaondolea kitu walichokuwa nacho, yaani utulivu wao.

Hapana aliye na haki ya kusema kwamba dawa haikuwapo. Mmarekani Nathaniel Baldwin alitengeneza vipokea sauti vya masikioni vya kufaa mwaka 1910, yaani miaka kumi na minane kabla ya utangazaji wa Kenya. Chombo kilitangulia, desturi ikachelewa. Serikali ya Kenya nayo ilitoa kanuni za kuzuia makelele mwaka 2009. Kati ya mambo ambayo kanuni hizo zataka yapimwe ni saa ya makelele, ukaribu wa makazi ya watu, na kama yaweza kupunguzwa bila ya taabu wala gharama kubwa. Kipimo hicho cha mwisho chatosha kuihukumu simu, kwa kuwa sauti yake hupunguzwa kwa kidole kimoja.

Hata hivyo, hukumu isitolewe kwa pupa. Mzee apandishaye sauti ya redio garini huenda amelelewa katika zama za redio moja, naye adhani anakirimu. Mwingine masikio yake yamepungua nguvu. Kumkaripia mbele ya watu ni kuongeza kelele juu ya kelele. Mwambie kwa adabu, "Shikamoo mzee, tafadhali tupunguzie kidogo", aghalabu atapunguza.

Na wewe, msomaji, utakapotaka kufungua sauti mbele ya watu, jiulize swali ambalo mwenye redio wa zamani hakuwa na haja ya kuliuliza: je, hawa wamesogea ili wasikie, au wamekaa karibu nami kwa sababu hawana pengine pa kukaa?