Mpini wa Zamani, Wembe wa Leo



Historia yetu ya leo ni ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekishika, lakini wachache tumejiuliza kilitoka wapi. Ni wembe. Ninasema ule mwembamba, wenye makali pande mbili, unaofungwa kwenye kikaratasi, na katikati una tundu refu. Uko kwenye kila kiduka cha kambi. Kinyozi, ama kwafere kama wengine wetu tunavyomwita, anauvunja katikati na kuchonga nao mstari wa nywele. Fundi cherehani anafumulia nguo. Mwanafunzi anachongea penseli. Mama anakatia kucha za mtoto.

Sasa sikia hii. Chukua wembe ulionunua leo asubuhi, umpelekee mtu mwenye mashine ya kunyolea iliyotengenezwa Marekani mwaka 1906. Ile ya chuma, yenye mpini mfupi na kichwa cha kufungua kwa kuzungusha. Wembe wako utaingia, na mwenye mashine atanyoa nao ndevu vizuri kabisa. Katikati hapo imepita miaka zaidi ya 100! Chaja ya simu ya miaka 15 iliyopita haiingii kwenye simu ya leo. Kwa nini wembe unaingia? Jibu la swali hilo lina mafunzo kwa watu wa pesa kidogo kama sisi.

Kunyoa kulikuwa kazi ya mtu mwingine

Zamani kule Ulaya na Marekani, mwanaume alinyolewa kwa wembe mrefu wa kukunja, unaofanana na kisu. Ulihitaji mkono usiotetemeka, na kila mara uusugue kwenye mkanda wa ngozi ili makali yarudi. Wengi walienda tu kwa kinyozi, maana kujinyoa mwenyewe ilikuwa hatari ya kujikata shingo.

Mwaka 1769 fundi visu wa Paris aitwaye Jean-Jacques Perret alitoa kitabu cha kufundisha watu kujinyoa wenyewe. Wazo lake lilikuwa kuzuia makali yasizame kwenye ngozi. Mwaka 1847 Mwingereza William Henson alipata hati ya wembe wenye umbo la jembe, yaani makali yamekaa kwa kukingamana na mpini. Halafu mwaka 1880 ndugu wa familia ya Kampfe, Wajerumani waliohamia New York, wakapata hati ya mashine yenye kizuizi mbele ya makali. Waliiita Star. Watu waliipenda. Lakini wembe wake ulikuwa bado mnene, na bado ulitaka kunolewa.

Kwa hiyo shida ya kujikata ilianza kupungua, ila shida ya kunoa ilibaki.

Muuzaji aliyetembea na begi

Hapo ndipo anaingia King Camp Gillette. Alizaliwa mwaka 1855 Fond du Lac, jimbo la Wisconsin, akakulia Chicago. Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Chicago, na biashara ya familia yao ikaenda na moto. Kijana akaingia barabarani kuuza bidhaa za watu wengine, mji baada ya mji. Kupoteza kila kitu kwa siku moja halafu kuanza na begi, hiyo sisi hatuhitaji kufafanuliwa.

Baadaye aliuzia kampuni ya William Painter, yule aliyebuni kizibo cha chuma cha chupa, hiki hiki tunachokiona kwenye soda. Painter alimshauri abuni kitu ambacho mtu anatumia, anatupa, halafu anarudi kununua kingine. Mwaka 1895 Gillette akapata wazo: bati jembamba la chuma, lenye makali pande mbili, lisilonolewa. Likiisha makali, tupa.

Kusema ni rahisi. Chuma chembamba namna hiyo kikichomwa ili kiwe kigumu, kinajikunja. Miaka ikapita bila kufanikiwa. Mwaka 1901 akaungana na mhandisi William Nickerson, na huyo ndiye aliyetengeneza mashine za kugumisha na kunoa wembe huo. Jina la Gillette linajulikana dunia nzima, lakini bila Nickerson tungekuwa na wazo tu kwenye karatasi.

Mwaka 1903, wa kwanza wa kuuza, waliuza mashine 51 na nyembe 168. Basi! Mwaka uliofuata mashine zilipita 90,000. Tarehe 15 Novemba 1904 Gillette akapewa hataza, yaani hati ya serikali inayozuia mtu mwingine kuiga ubunifu wako kwa muda fulani. Kwa Marekani wakati ule ilikuwa miaka 17.

Hadithi ya mafunzo ya ujasiriamali

Ukihudhuria mafunzo ya biashara, kuna siku utasimuliwa kwamba Gillette alitajirika kwa kugawa mpini karibu bure, halafu akawauzia watu nyembe maisha yao yote. Ni hadithi tamu, ila haikuwa hivyo.

Kwa miaka yote ya hataza, mashine ya Gillette iliuzwa dola 5. Kwa mfanyakazi wa kiwandani wakati ule hizo zilikuwa pesa za kufikiria mara mbili. Washindani wake, kama Gem na Ever-Ready, waliuza mashine zao kwa dola 1. Gillette hakushusha, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kutengeneza kitu kama chake. Mwenye mlango peke yake ndiye anayepanga kiingilio.

Vita Kuu ya Kwanza ilimsaidia sana. Marekani ilipoingia vitani, jeshi lilinunua mashine milioni 3.5 na nyembe zaidi ya milioni 30 kwa askari wake. Vijana wale walirudi nyumbani wakiwa wamezoea kujinyoa wenyewe kila asubuhi.

Mwaka 1921 hataza ilikwisha. Kampuni iliona siku hiyo inakuja, ikatoa mashine mpya kwa bei ya zamani, na ile ya umbo la kwanza ikaishusha hadi dola 1. Kutoka 5 hadi 1! Chuma hakikuwa kimeshuka bei kiasi hicho. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mtu angeweza kuiga. Na kampuni haikufa. Miaka iliyofuata iliendelea kuuza sana, maana watu waliokuwa hawawezi kununua sasa waliweza.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikajaribu kufunga mlango tena kwa mashine na wembe wa umbo jipya. Lakini mshindani aitwaye Henry Gaisman alikuwa tayari na hati ya wembe wake, wenye tundu tofauti, unaoingia hata kwenye mashine za Gillette. Wakavutana, na mwaka 1930 kampuni hizo mbili zikaungana. Katika kukagua vitabu ikagundulika kwamba Gillette ilikuwa imetangaza mauzo makubwa kuliko ya kweli. Mzee King Gillette mwenyewe alipoteza sehemu kubwa ya utajiri wake, akafariki mwaka 1932.

Kutoka kwenye ugomvi ule ulibaki wembe wenye tundu refu katikati, unaoingia kwenye mashine mpya na za zamani. Ndio huo wako wa asubuhi. Viwanda vya Ujerumani, India, Misri, Japani na Urusi vinautengeneza kwa umbo lile lile. Ndiyo maana ni rahisi, na ndiyo maana duka la kambi haliukosi.

Jambo la kuchekesha: mwaka 1894 Gillette aliandika kitabu akisema ushindani wa biashara ndio mzizi wa maovu. Alitaka kampuni moja imiliki kila kitu, na karibu Wamarekani wote waishi kwenye mji mmoja mkubwa uliopangwa, karibu na maporomoko ya Niagara, unaotumia umeme wa maji yale. Sisi tulioishi kwenye mitaa iliyopangwa kwa namba na watu wa ofisi tungekuwa na neno la kumwambia. Na wembe wake mwenyewe ulimjibu: ulimfikia maskini siku ambayo haukuwa tena wa kampuni moja.

Wanaokusanya za zamani

Leo kuna watu wengi, hasa Ulaya na Marekani, wanaotafuta mashine hizo za zamani sokoni na kwenye masanduku ya babu zao. Wanazisafisha na kunyolea. Zilitengenezwa kwa shaba nyeupe ama ya njano iliyopakwa nikeli, fedha au dhahabu, kwa hiyo hazioti kutu kirahisi. Wanatafuta Tech ya mwaka 1938, Super Speed ya 1947 inayofunguka juu kama madirisha mawili, na ile nene ya 1958 waliyoibatiza Fatboy, yenye namba 1 hadi 9 za kuchagua makali yatokeze kiasi gani.

Kuzisoma umri ni rahisi. Gillette nyingi za Marekani za miaka hiyo zina herufi na namba ndogo chini ya kichwa. Herufi ni mwaka: A ni 1955, B ni 1956, unaendelea hivyo. Namba 1 hadi 4 ni robo ya mwaka. Kwa hiyo E2 ilitoka kati ya Aprili na Juni 1959.

Ukibahatika kuipata moja kwa wazee ama kwenye mitumba, usiitupe. Ioshe kwa maji ya moto, sabuni na mswaki laini. Usitumie dawa kali za kusafishia, zinakula rangi ya juu. Angalia kama kichwa kinafunga sawa na wembe haujapinda upande mmoja.

Kunyoa nayo: lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu, paka povu la sabuni, shika mashine kwa kuinamisha kidogo, na usikandamize. Acha uzito wa chuma ufanye kazi. Fuata ndevu zinakoelekea. Kwa wengi wetu wenye ndevu za kujikunja hii ni muhimu, kwa sababu unywele uliokatwa ndani sana unajikunja na kurudi kwenye ngozi, ndipo vile vipele vya shingoni vinakuja. Mashine zenye nyembe mbili au zaidi zinavuta na kukata chini zaidi, hivyo wembe mmoja mara nyingi unamfaa mwenye tatizo hilo. Na wembe hauazimwi, hata kwa ndugu. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini vinaweza kupita kwenye damu ambayo hata huioni.

Mlango ulifungwa tena

Mwaka 1971 Gillette ilileta Trac II, kichwa cha plastiki chenye nyembe mbili, kinachoingia kwenye mpini wake tu. Kuanzia hapo ile hadithi ya mafunzo ya ujasiriamali ikawa na ukweli: mpini wa bei nafuu, vichwa vya bei juu, na huwezi kununua kwingine. Mwaka 1975 Bic ikaleta ya kutupa yote, mpini na wembe. Ndiyo maana watu wanarudi kwenye mashine za mwaka 1958. Wengine ni mapenzi ya vitu vya kale, lakini wengine wamepiga hesabu tu.

Kwetu hesabu hiyo ni nzito zaidi. Kwenye dharura za wakimbizi, shirika la UNFPA linagawa kifurushi kwa mama mjamzito ambaye huenda akajifungua bila kufika hospitali. Ndani kuna sabuni, plastiki ya kulalia, vitambaa, glavu, uzi wa kufunga kitovu, na wembe mpya wa kukata kitovu. Kama wembe ungekuwa bado wa kampuni moja na bei ya peke yake, kuuweka kwenye kila kifurushi kungekuwa gharama nyingine kabisa. Miongoni mwetu wako waliozaliwa njiani, na kitovu chao kilikatwa kwa kitu hicho hicho.

Kwa hiyo ukienda kununua kitu cha kudumu, iwe taa ya sola, cherehani ama mtungi wa gesi, usiulize bei ya kitu chenyewe peke yake. Uliza kinachokwisha ndani yake kinauzwa na nani. Betri hii iko kwenye duka lolote? Cherehani hii inakubali sindano ya kila fundi? Kama jibu ni kampuni moja tu, bei rahisi ya leo utailipa kesho. Wazee walisema mtoto akililia wembe, mpe umkate. Sisi tumeshakatwa vya kutosha. Tuuangalie mpini kabla ya kulipa.