Usukani wa mbao: kifaa cha kazi kilichogeuzwa pambo

Machi 15, 1961, kampuni ya Jaguar ya Uingereza ilizindua gari lake jipya, E-Type, mjini Geneva, Uswisi. Watu walizungumzia boneti lake refu na mwendo wake wa maili 150 kwa saa, yaani kilomita zipatazo 240. Dereva aliyeketi ndani alishika usukani wenye duara jembamba la mbao iliyong'arishwa, na duara hilo lilibebwa na spoki tatu za aluminiamu zilizotobolewa matundu.

Usukani wa aina hiyo sasa ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo wamiliki wa magari ya spoti ya zamani hununua wanapoanza kuyatengeneza. Wengi huununua kwa uzuri wake, na uzuri huo hauna ubishi. Lakini mbao haikuingia mikononi mwa madereva kwa ajili ya kupendeza. Iliingia kwa sababu ilifanya kazi vizuri kuliko vitu vingine vilivyokuwapo, na ikaondoka kwenye magari mengi kwa sababu ya uhai wa watu. Anayetaka kuufunga usukani huo leo anapaswa kuzijua sababu zote mbili.

Kutoka kana hadi duara

Magari ya kwanza hayakuwa na usukani wa duara. Gari la magurudumu matatu ambalo Karl Benz wa Ujerumani alilipatia hataza mwaka 1886 liliongozwa kwa mkono mdogo uliosimama mbele ya dereva. Mengi yaliyofuata yaliongozwa kwa fimbo mfano wa kana anayoishika nahodha wa mashua. Gari lilipokwenda mwendo wa farasi, fimbo hiyo ilitosha. Mwendo ulipoongezeka ikawa hatari, kwani gurudumu likigonga jiwe fimbo ilimponyoka dereva na gari likageuka lenyewe.

Julai 1894 yalifanyika mashindano ya magari kutoka Paris hadi Rouen, nchini Ufaransa. Mmoja wa washiriki, Alfred Vacheron, alikuja na gari la Panhard alilolifunga usukani wa duara. Wanahistoria wengi humtaja kuwa wa kwanza kufanya hivyo. Kufikia mwaka 1898 kampuni ya Panhard et Levassor ilikuwa ikiuza magari yake na usukani wa duara, na katika muda mfupi watengenezaji wengine wakafuata. Duara lilimpa dereva nafasi ya kutumia mikono miwili na nguvu za mabega yake, na mtikisiko wa barabara haukuweza tena kumpokonya gari kirahisi.

Sukani hizo za mwanzo zilikuwa za mbao, na hilo halikuhitaji kufikiriwa sana. Viwanda vya magari vilirithi mafundi waliokuwa wakitengeneza magari ya kukokotwa na farasi, watu walioyajua magurudumu ya mbao tangu utotoni. Hata Ford Model T, gari la watu wa kawaida lililotoka Marekani mwaka 1908, lilianza na usukani wa mbao.

Mbao yaondoka, kisha yarudi

Ongezeko la uzalishaji ndilo lililoiondoa mbao mara ya kwanza. Fundi seremala huhitaji muda, na kiwanda kinachotoa mamia ya magari kwa siku hakina muda huo. Ford ilianza kutengeneza sukani kwa mchanganyiko wa mpira na mabua ya ngano uliopikwa kwenye kalibu. Watengenezaji wengine walitumia mpira mgumu, seluloidi, au bakelaiti, plastiki iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Waliweka pete ya chuma ndani, wakamimina plastiki juu yake, na usukani ukawa tayari.

Vitu hivyo vilikuwa rahisi kutengeneza lakini vilikuwa na kasoro. Jua na baridi viliipasua plastiki, nyufa zikaanzia pale spoki zinapoungana na duara. Kiganja kilichotoka jasho kiliteleza juu yake. Kwa mtu aendaye kazini asubuhi na kurudi jioni, kasoro hizo zilivumilika. Kwa dereva wa mashindano zilikuwa jambo zito.

Fikiria mashindano ya Mille Miglia ya Italia, yaliyoendeshwa kati ya mwaka 1927 na 1957 kwenye barabara za kawaida, umbali wa kilomita zipatazo 1,600. Dereva alikaa kwenye usukani kwa zaidi ya saa kumi. Gari halikuwa na pampu ya kumsaidia kukata kona, hivyo kila kona ilikatwa kwa misuli. Mbao ilimfaa mtu huyo. Haipati joto haraka kama chuma kilichopigwa na jua, hupunguza mtikisiko unaopanda kutoka magurudumuni, na hushikika vizuri kwa mkono mtupu na kwa glavu ya ngozi. Pia inaweza kuchongwa kufuata umbo la vidole. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 magari makubwa ya mbio, likiwemo Maserati 250F aliloliendesha Juan Manuel Fangio wa Argentina, yalikuwa na sukani za mbao.

Nardi wa Turin

Jina lililofungamana zaidi na usukani wa mbao ni la Enrico Nardi. Alizaliwa Bologna, Italia, mwaka 1907, akawa mhandisi na dereva wa mashindano. Alifanya kazi na Lancia, kisha akashirikiana na Enzo Ferrari wakati Ferrari alipokuwa akijenga gari lake la kwanza baada ya kuachana na Alfa Romeo, lile lililoitwa 815. Magari mawili ya aina hiyo yaliingia Mille Miglia mwaka 1940, na katika moja Nardi mwenyewe aliketi kama msaidizi wa dereva.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa na karakana yake mjini Turin, Nardi alianza kutengeneza sukani za mbao za kuuza. Alijua anachokifanya kwa sababu mikono yake mwenyewe ilikuwa imeshika sukani kwenye mbio. Ferrari ilizifunga sukani zake kwenye magari yake ya barabarani ya familia ya 250, na baadaye kwenye 275 GTB. Wenye Lancia Aurelia walizinunua pamoja na gia ya sakafuni iliyobuniwa na karakana hiyo. Nardi alifariki mwaka 1966, lakini jina lake limeendelea kuchongwa kwenye spoki za sukani hadi karne hii.

Uingereza nayo ilikuwa na mafundi wake. Les Leston, dereva wa mashindano aliyegeuka mfanyabiashara wa vifaa vya magari jijini London, aliuza sukani za mbao kwa vijana waliokuwa na magari madogo. Kampuni ya Moto-Lita, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, ikawa chaguo la wenye MG, Triumph na Austin-Healey. Kiwandani kwenyewe, Jaguar iliufunga usukani wa mbao kwenye E-Type, na Aston Martin kwenye DB5 ya mwaka 1963, gari ambalo watazamaji wa sinema duniani kote walilijua mwaka uliofuata kupitia filamu ya Goldfinger.

Hapo ndipo kifaa cha kazi kilipoanza kugeuka pambo. Kijana ambaye hakuwa na fedha za Ferrari aliweza kununua usukani unaofanana na wa Ferrari, akaufunga kwenye gari lake dogo mwishoni mwa wiki.

Kinachofanyika karakanani

Usukani mzuri wa mbao hauchongwi kutoka ubao mmoja. Ukikata duara kwenye ubao mmoja, nyuzi za mti hukatika sehemu kadhaa, na hapo ndipo duara litakapovunjika. Fundi huchukua mti mgumu, kwa mfano mkangazi au mjozi, akaupasua vipande vyembamba, akavikunja au kuviunganisha kwa gundi ili nyuzi zifuate mzunguko.

Katikati ya mbao hukaa bamba la aluminiamu, ambalo ndilo linalobeba nguvu yote. Bamba hilo lina pete na spoki kama kitu kimoja. Mbao hubanwa juu na chini yake kwa gundi, na kwenye sukani nyingi za Kiingereza hupigwa riveti zinazoonekana wazi kuzunguka duara. Kisha fundi huchonga, husugua kwa msasa, huchimba vijishimo vya vidole upande wa nyuma, na kupaka vanishi tabaka juu ya tabaka. Matundu ya kwenye spoki hupunguza uzito, na yalitokana na desturi ya magari ya mbio ya kuondoa kila gramu isiyo na kazi.

Kuufunga kwenye gari

Chukua mfano wa MGB, gari lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kati ya mwaka 1962 na 1980, ambalo zaidi ya magari 500,000 yalitoka. Usukani wake wa mwanzo ulikuwa mkubwa, wa inchi zaidi ya 16. Wanaoubadilisha huchagua wa inchi 14 au 15. Faida yake ni nafasi ya mapaja, kwa kuwa chumba cha dereva ni chembamba. Hasara yake ni kwamba duara likipungua, nguvu inayotakiwa kukata kona huongezeka, hasa wakati wa kuegesha. Duara dogo pia linaweza kuziba saa za dashibodi, hivyo lipimwe kabla ya kununuliwa.

Usukani wa kununua haukai moja kwa moja kwenye shafti ya gari. Kati yake na shafti huwekwa kitovu, kipande cha chuma chenye meno ya ndani yanayolingana na meno ya shafti ya gari hilo. Kitovu cha MG hakiwezi kutumika kwenye Triumph kwa kulazimisha. Matundu ya bolti nayo hutofautiana. Nardi hutumia bolti sita kwenye mzunguko wa milimita 74, Momo, kampuni nyingine ya sukani, hutumia sita kwenye milimita 70, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuufanya usukani usikae.

Fundi makini huanza kwa kuchomoa waya wa betri, kwa sababu honi iko katikati ya usukani. Hunyoosha magurudumu ya mbele, kisha hutia alama kwenye shafti ili kitovu kipya kikae palepale. Hulegeza nati kubwa ya katikati mizunguko michache bila kuitoa kabisa, ndipo anapouvuta usukani wa zamani. Akiitoa nati yote, usukani uliokwama miaka 50 unaweza kuchomoka ghafla na kumpiga usoni. Baada ya kufunga kitovu, hukaza nati kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha kitabu cha gari. Mwisho hujaribu honi na kuzungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho, kabla gari halijatoka nje ya gereji.

Kwa nini viwanda viliacha

Magari ya miaka ya 1950 na 1960 yalikuwa na kasoro kubwa ambayo usukani mzuri uliificha. Shafti ya usukani ilikuwa chuma kigumu kilichoelekea kifuani mwa dereva. Gari likigongana uso kwa uso, shafti hiyo ilirudi nyuma. Duara la mbao nalo liliweza kupasuka na kuacha ncha kali.

Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, alilishughulikia tatizo hilo mapema, na magari ya kampuni hiyo ya mwaka 1959 yalikuwa na mto laini katikati ya usukani. Nchini Marekani, kitabu cha Ralph Nader, Unsafe at Any Speed, kilichotoka mwaka 1965, kiliwashtaki watengenezaji waziwazi kwa kupuuza uhai wa abiria na madereva. Mwaka 1966 Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa magari, na kuanzia Januari 1, 1968 shafti za usukani za magari madogo mapya zilitakiwa kunywea na kumeza nguvu ya mgongano.

Kwenye mbio nako mambo yalibadilika. Gianpiero Moretti wa Italia alitengeneza usukani wenye duara nene la kushikika zaidi, John Surtees akautumia kwenye Ferrari yake mwaka 1964, mwaka aliotwaa ubingwa wa dunia. Kutokana na usukani huo ikazaliwa kampuni ya Momo, na ngozi ikachukua nafasi ya mbao. Jaguar yenyewe ilihamia kwenye ngozi katika toleo la tatu la E-Type. Mfuko wa hewa ulipoanza kuenea kwenye magari katika miaka ya 1980, duara jembamba la mbao halikuwa na nafasi tena kiwandani, isipokuwa kwa matoleo maalumu. Mojawapo ni Eunos Roadster V-Special, ambalo Mazda ililiuza Japani mwaka 1990 likiwa na usukani wa mbao wa Nardi.

Neno kwa wenye magari

Kwetu Afrika Mashariki magari haya si mageni. Kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yanayofanyika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, magari ya zamani hupangwa mstari na waamuzi hukagua hata yaliyo chini ya boneti. Wapo watu wetu wanaoyatunza kwa mapenzi ya kweli, na wao ndio ninaowaambia haya.

Nunua usukani wa fundi anayejulikana, wenye bamba zima la aluminiamu ndani, na kitovu kilichotengenezwa kwa ajili ya gari lako. Usiung'oe usukani wenye mfuko wa hewa ili uweke wa mbao; pambo halina thamani ya kifua chako. Funga mkanda hata kama gari lako lilitoka kiwandani bila huo. Usukani wa asili usiutupe, kwani ni sehemu ya historia ya gari na mmiliki ajaye atauhitaji. Kagua mbao kila mara unapoosha gari, na ukiona ufa, ung'oe usukani huo siku hiyo hiyo. Mafundi wa Turin na Uingereza waliutengeneza ili mtu aliongoze gari lake kwa uhakika, na anayeufunga leo anatakiwa kuufunga kwa nia hiyo hiyo.